Siku 11 za Berlin kwenye baridi na watoto watatu, kutoka Mwanza

Kabla ya kuondoka

Wifi yangu yupo Berlin mwaka wa tisa sasa na kila mwaka anatuita, na sisi kila mwaka tunamjibu mwakani. Safari hii likizo ya baba watoto na likizo ya shule zikaangukia Desemba, wifi akasema Desemba ndo mwezi mgumu kuja na watoto, giza na baridi, lakini kama mtanisikiliza njooni. Basi kuanzia Septemba akawa ananitumia voisi za WhatsApp kila Jumapili, mi naziandika kwenye kaunta buku, na hii mnayoisoma nusu ni lile daftari na nusu ni tuliyoyakuta wenyewe. Nimeiandika kwa ajili ya familia za huku kwetu Kanda ya Ziwa, maana mengi niliyoyasoma kabla ya safari yameandikiwa watu ambao baridi wanaijua toka wadogo, hakuna anayekuambia mtoto wa Pasiansi pale Mwanza ambaye hajawahi kuvaa soksi mbili kwa pamoja anafanyaje.

Viza anza mapema, ubalozi upo Dar na unaruhusiwa kuomba hadi miezi sita kabla ya safari. Mtu mzima ni euro 90, mtoto wa miaka 6 ambaye hajafika 12 ni euro 45, chini ya miaka 6 bure. Wangu wana 11, 8 na 4 kwaiyo hapo tukapata nafuu. Bima ya safari lazima iwe inalipia matibabu angalau euro 30,000, na wifi alienda ofisi ya wageni ya kwao akatutolea ile barua rasmi ya udhamini, sio barua ya kuandika tu nyumbani. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto msisahau.

Nguo nilienda soko la Mlango Mmoja siku tatu tofauti. Makoti ya baridi kali yapo mengi kwenye mitumba na bei ni nzuri kwa sababu Mwanza nani atalivaa, wauzaji wenyewe wanalitupa chini kabisa ya rundo. Wifi alinipa mambo ya kuangalia: zipu ifunge mpaka kidevuni, kofia iwe imeshonewa, na ukilibonyeza ile pamba ya ndani irudi juu, isiwe imeshalala. Buti pandisha namba moja ili soksi nene iingie na vidole vibaki vinacheza, mguu uliobanwa ndo unaoganda kwanza. Na kubwa kuliko yote, joto linakaa katikati ya nguo na nguo, yaani fulana ya kubana ya mikono mirefu, juu yake sweta, juu yake koti, hiyo inamshinda mtoto aliyevaa koti zito la bei mbaya na fulana moja chini.

Mizigo ya chakula, hapa watu wengi wananyang'anywa. Nyama na maziwa na vyote vinavyotokana navyo haviruhusiwi kuingia Ulaya, hata kidogo cha kula njiani. Samaki wanaruhusu mpaka kilo 20 za matumizi yako mwenyewe, kwaiyo dagaa wetu wa soko la Mwaloni walipita bila swali lolote. Matunda mengi yanataka cheti cha afya ya mimea, ila nanasi, ndizi, nazi na tende vinapita. Maembe acheni nyumbani. Na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, wifi aliniambia usipoleta michembe usije.

Siku ya 1, Alhamisi tarehe 4

Mwanza Dar asubuhi, jioni tukaondoka Dar kupitia Istanbul. La kuwaambia hapa ni moja tu, makoti, kofia na glovu za watoto ziwe kwenye mabegi ya mkononi, sio kwenye mizigo mikubwa. Mizigo inaweza kuchelewa siku nzima, baridi haichelewi.

Siku ya 2, Ijumaa

Tulipotoka nje ya jengo la eapoti kitinda mimba alishika pua kwa mikono miwili akasema mama hewa inauma. Digrii 2, na upepo. Wifi alikuwa anatusubiri na termosi ya chai ya tangawizi, hata kabla hatujasalimiana vizuri alipiga magoti akaanza kuwakagua wanangu mmoja mmoja, shingo, viganja, vifundo vya miguu, pale soksi inapoishia na suruali inapoanzia. Kila palipokuwa na ngozi inayoonekana akapafunika. Akaniambia wifi hiki ndo cha kufanya kila mkitoka nje, usimuulize mtoto kama anasikia baridi, atakwambia hapana kwa sababu anataka kwenda, we mguse nyuma ya shingo, pakiwa pa moto yuko sawa, pakiwa pa baridi mrudishe ndani.

Usafiri wa mji umegawanywa kanda tatu, A, B na C, eapoti ipo C kwaiyo ukitoka uwanja wa ndege unakata ya ABC, siku nyingine zote ukiwa mjini AB inatosha. Watoto chini ya miaka 6 hawalipi, kuanzia 6 mpaka 14 nauli ya watoto, na kuna tiketi ya siku nzima ya kikundi ya watu mpaka watano ambayo kwa familia ndo rahisi kuliko kukata moja moja. Hakuna geti, unaingia kwenye treni kama unaingia sokoni. Lakini tiketi ya karatasi kama haijagongwa tarehe unaigonga kwenye kile kiboksi cha pale stesheni kabla hujapanda. Nitarudi kwenye hili.

Saa kumi kasoro jioni jua likawa limeshazama. Kwetu saa hizo bati bado linachoma! Watoto walisimama dirishani hawaamini, wa kati akauliza sasa kesho limeshafika? Asubuhi nako kunakucha saa mbili, na kwa kuwa tofauti ya saa kati yetu na wao ni mbili tu, mwili wa mtoto unaamka saa kumi usiku na hakuna mwanga kwa masaa manne. Wifi alikuwa ameshaandaa uji, vitabu vya kupaka rangi na taa ndogo. Mwanga wa kutembelea mnao masaa kama nane, basi msijipangie sehemu nne kwa siku, sehemu moja kubwa na moja ndogo, mnatoka saa nne, saa tisa mnaanza kurudi.

Usiku akawaambia watoto wasafishe buti zao vizuri wazipange nje ya mlango. Hawakuambiwa kwa nini.

Siku ya 3, Jumamosi tarehe 6

Tarehe 6 Desemba ni siku ya Mtakatifu Nikolaus, watoto wa kule wanalala wameacha buti mlangoni, asubuhi wanakuta zimejaa. Wanangu walikuta machenza, karanga za maganda na chokoleti. Mkubwa ambaye sa hivi anajifanya mtu mzima alikimbia bila soksi. Kama mnasafiri Desemba na mna uwezo wa kuchagua, fikeni tarehe 5.

Mchana tukaenda duka la mitumba la ghorofa kadhaa pale Frankfurter Tor kumalizia fulana za kubana na glovu. Nilisimama katikati ya yale makoti nikaona ni Mlango Mmoja tu, imepangwa kwa rangi na haina mtu wa kukuitia bei. Glovu za kitinda mimba wifi alizifunga kwa uzi unaopita ndani ya mikono ya koti, hazikupotea mpaka mwisho wa safari, wakati za wa kati tulinunua mara mbili.

Supamaketi, chupa za maji na soda za plastiki zina rehani, senti 25 kwa chupa, wanaita Pfand. Unazirudisha kwenye mashine inakupa risiti unapunguziwa pesa kaunta. Wa kati akachukua hiyo kazi, kila chupa ya nyumba ikawa yake. Maji ya bombani ni salama kunywa. Na manunuzi malizeni Jumamosi, Jumapili maduka yanafungwa, kuna Jumapili chache tu kwa mwaka wanaruhusiwa kufungua na sio za kuzitegemea mkiwa na watoto.

Siku ya 4, Jumapili

Wifi anakaa Wedding, kaskazini ya mji, na kutoka kwake unatembea kwa miguu mpaka bustani kubwa inaitwa Rehberge, na ng'ambo yake kidogo kuna ziwa, Plötzensee. Baba watoto kusikia ziwa akachangamka. Yeye kazaliwa Igombe, baba yake alikuwa anavua, ziwa kwake ni kitu ambacho ng'ambo huioni. Tulipofika akatazama upande huu akatazama upande ule, miti yote inaonekana, akasema taratibu, haya, ni ziwa, lina maji.

Hapa nataka niseme kwa urefu kwa sababu niliogopa kweli. Pembeni ya maji, pale penye majani yaliyokufa, palikuwa na barafu nyembamba, inang'aa kama kioo cha dirisha. Wanangu wote watatu maji hawayaogopi, wamekulia kwenye miamba, mkubwa anaogelea kutoka jiwe hadi jiwe. Na ndo maana walikuwa hatarini kuliko watoto wa pale, maana mtoto wa Berlin barafu anaijua toka mdogo, wangu wanajua kina cha maji, wanajua upepo wa ziwa na mawimbi ya jioni, barafu hawaijui hata kidogo. Wa kati alishanyanyua mguu. Wifi alimvuta koti kwa nyuma kwa nguvu mpaka akakaa chini, halafu akachukua jiwe dogo akalirusha, likatoboa moja kwa moja, tukasikia ule mlio. Akachukua jingine akampa mtoto alirushe mwenyewe. Akawaambia ukianguka humo koti lako linakunywa maji linakuwa zito, na mikono inakufa ganzi kabla hujafika pembeni hata kama unaogelea kama samaki. Mpaka tunaondoka nchi ile hakuna aliyeusogelea tena ukingo.

Jamani mkienda na watoto wa ziwani lifanyeni hilo siku ya kwanza kabisa, jiwe, watoto warushe wenyewe, wasikie.

Tukiwa tunarudi mkubwa akasoma kibao cha mtaa, Sansibarstraße. Akasimama. Mbele kidogo, Tangastraße. Akaniuliza mbona wameandika kwetu. Wifi akasema subiri Ijumaa nitawatembeza, huu mtaa wote una habari.

Siku ya 5, Jumatatu

Jumatatu makumbusho mengi yamefungwa, hata lile la wanyama wa kale tulilolingoja, kwaiyo ikawa siku ya basi. Basi namba 100 linatoka stesheni ya Zoo mpaka Alexanderplatz na njiani linapita karibu kila kitu ambacho mabasi ya watalii yanakutoza pesa nyingi kukionyesha, na wewe una tiketi yako ileile ya siku. Ni la ghorofa mbili. Pandeni kituo cha kwanza, watoto wakakae juu mbele kabisa penye kioo, humo ndani kuna joto, nje kuna baridi, kwa familia yenye mtoto wa miaka minne hakuna kitu kizuri kama hicho.

Tulishuka Großer Stern, pale penye mnara wenye sanamu ya dhahabu juu, lakini mi nilichotaka ni sanamu nyingine iliyo pembeni kwenye miti, watu wanaipita tu. Bismarck. Mtu wa shaba mkubwa amesimama na sare, sanamu ya mwaka 1901. Nikawaambia wanangu, lile jiwe letu linalosimama peke yake majini pale karibu na kivuko cha Kamanga, ambalo kila mgeni akija Mwanza tunampeleka akapige picha, limeitwa Jiwe la Bismarck kwa ajili ya huyu. Wakanyamaza. Halafu mkubwa akauliza, aliwahi kufika Mwanza? Hakuwahi. Alikaa hapahapa Berlin, na kuanzia Novemba 1884 mpaka Februari 1885 akaongoza ule mkutano wa mataifa waliokaa kugawana Afrika, ule tuliosoma darasani. Akasema sasa kabla yake jiwe lilikuwa linaitwaje? Sikuwa na jibu, na mpaka leo linanikera kwamba sikuwa na jibu, nimezaliwa Mwanza nimekua nikiliona kila siku. Nimeanza kuwauliza wazee.

Tukaendelea mpaka lango la Brandenburg, tukapiga picha, upepo pale unapita kama uko juu ya mtumbwi. Ile dari ya kioo juu ya bunge lao kuingia ni bure, ila unajiandikisha kabla kwenye mtandao na majina na tarehe za kuzaliwa za wote, na siku yenyewe unakuja na pasi za kusafiria. Sisi tulichelewa kujiandikisha, nafasi zikawa zimejaa, nyie fanyeni mkiwa bado Mwanza.

Kurudi ndo tukakamatwa. Baba watoto alinunua tiketi nyingine ya karatasi akaitia mfukoni bila kuigonga, watoto wamechoka, kitinda mimba kalala begani, tumekaa tu vizuri akaja mtu amevaa nguo za kawaida kabisa akatoa kitambulisho. Euro 60. Alikuwa na adabu, alituonyesha pale ambapo tarehe ilitakiwa iwepo, na akaandika. Wifi alishanitajia habari hii kwenye voisi ya Oktoba, ipo kwenye daftari nimeipigia mstari. Kwaiyo kazi ya kugonga tiketi mpeni mtu mmoja wa familia asiyebeba mtoto. Kuanzia siku ile kazi ikawa ya mkubwa na hatukukosea tena.

Siku ya 6, Jumanne tarehe 9

Siku ya Uhuru wetu. Sikupanga iwe hivyo, ilitokea tu kwamba ndo siku makumbusho yanafunguliwa.

Kutoka kwa wifi ni treni moja tu ya chini, U6, unashuka kituo kinaitwa Naturkundemuseum, makumbusho ya viumbe. Nendeni mapema wanapofungua, kabla makundi ya shule hayajajaa. Mkiingia ukumbi wa kwanza tu hamhitaji kuuliza, mnanyanyua macho. Mita 13 na sentimita 27 kwenda juu. Ni mifupa ya mjusi mkubwa wa kale, Giraffatitan, alikuwa hai miaka kama milioni 150 iliyopita, na hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa mirefu kuliko hiyo duniani. Na katoka Tendaguru, Lindi.

Mi nilijua kabla ya kwenda. Kujua na kusimama chini yake ni vitu viwili. Kitinda mimba alilala chali sakafuni ili aone kichwa, nikamwacha. Wa pembeni yake nao, yule mwenye miiba mgongoni, Kentrosaurus, na wengine kadhaa mle ndani, ni wa Tendaguru vilevile. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913, na waliochimba hasa kwa mikono ni watu wetu, mamia, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa vichwani na mabegani kutoka kilimani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Nikawaambia wanangu mkiangalia huo mfupa wa paja msiangalie tu ukubwa, fikirieni uko juu ya kichwa cha mtu na njia ni ya mchanga na jua la Lindi.

Wa kati akauliza, kwa sauti ile ya mtoto ambayo ukumbi mzima unasikia, kwa nini hawaturudishii? Kuna mzungu mmoja mtu mzima aligeuka akatuangalia, Kiswahili hajui lakini nadhani alielewa swali. Nilimwambia mwanangu watu wazima wa pande zote mbili wameanza kuliuliza hilo swali kwa miaka mingi sasa, na we endelea kuliuliza, hata shuleni, hata ukikua. Sikutaka kumpoza.

Kiutendaji, mle ndani kuna joto sana, kuna sehemu ya kuweka makoti, yawekeni. Mtoto aliyetembea makumbusho masaa mawili na koti anatoka na jasho, akikutana na hewa ya nje ndo baridi inampata vibaya. Mabadiliko ya joto la ndani na baridi ya nje yaangalieni sana, hili wifi alilirudia kila siku.

Baada ya kula, tramu vituo vichache mpaka karibu na Rosenthaler Platz, mtaa unaitwa Brunnenstraße, namba 193. Hakuna jengo la kuangalia. Angalia chini, kwenye mawe ya njia ya miguu kuna kajiwe ka shaba ka saizi ya kiganja. Kimeandikwa jina la Mohamed Husen. Jina lake la kuzaliwa Mahjub bin Adam Mohamed, mtoto wa Dar es Salaam, kazaliwa 1904, akiwa bado mtoto alikuwa upande wa Wajerumani kwenye vita ile ya kwanza, na 1929 akaja Berlin kudai mishahara yake na ya baba yake ambayo haikuwahi kulipwa. Hakulipwa. Akabaki, akawa mhudumu wa hoteli, akaigiza kwenye filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 serikali ya Hitler ikamkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu, wakamfungia kambi ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Huyu wa kwetu, mlango wake wa mwisho ndo ule.

Baba watoto alivua kofia. Digrii 1. Tulisoma Fatiha ya kimoyomoyo mimi na yeye, watoto wakafuata, watu wanapita na baiskeli. Mkubwa akatoa kitambaa akakifuta kile kijiwe matope.

Siku ya 7, Jumatano

Tulikaa ndani. Usiku kitinda mimba alitoka damu puani, nikashtuka nikamwamsha wifi, kumbe ni hewa ya ndani, zile hita za ukutani zinakausha pua za watoto wasiozoea. Dawa ni taulo iliyoloweshwa unaitandaza juu ya hita, mafuta mazito ya mgando kidogo ndani ya pua na mdomoni, na kufungua madirisha yote dakika tano asubuhi na jioni halafu kufunga. Wa kati akawa na mafua. Dawa ya homa ya watoto huipati supamaketi kule, ni famasi tu, yenye alama ya A kubwa nyekundu, na nyingi usiku zimefungwa, kwaiyo bebeni sirapu yenu ya paracetamol kutoka nyumbani.

Na majirani. Kuanzia saa nne usiku ni kimya, Jumapili nayo kimya siku nzima. Wanangu wana miguu. Wifi alipika maandazi siku tuliyofika akapeleka sahani kwa mama wa ghorofa ya chini akamwambia nina wageni watoto watatu, na yule mama hakuwahi kulalamika hata siku moja.

Siku ya 8, Alhamisi

Ukuta wa Berlin, Bernauer Straße, ni bure na ni nje. Tulikaa dakika arobaini baridi ikatushinda. Kilichowaingia watoto ni mwaka, ukuta ulianza kujengwa Agosti 1961, na Desemba ileile sisi tukawa huru. Ulidumu mpaka Novemba 1989, mi nilikuwa nimeshazaliwa.

Jioni soko la Krismasi karibu na Alexanderplatz, lenye uwanja wa kuteleza kwenye barafu na gurudumu kubwa la kupanda. Watoto waagizieni Kinderpunsch, ni juisi ya matunda ya moto haina kilevi, usichanganye na Glühwein ambayo ni mvinyo, vikombe vinafanana. Kikombe unaweka rehani, ukirudisha unarudishiwa. Lozi zilizokaangwa na sukari zinauzwa kwenye karatasi ya pembe kama karanga zetu za stendi ya Nyegezi, nunua moja wale wote. Pesa ya sarafu ya choo iwepo mfukoni muda wote.

Siku ya 9, Ijumaa

Wifi akatutembeza mtaa wake kama alivyoahidi. Unaitwa Mtaa wa Kiafrika, ramani yake ilichorwa enzi za ukoloni, ndo maana kuna Zanzibar, Tanga, Usambara, Kameruni, Togo, na stesheni ya treni yenyewe inaitwa Afrikanische Straße. Kulikuwa na barabara moja ndefu yenye miti ilipewa jina la Carl Peters mwaka 1939, huyu ambaye babu zetu walimwita Mkono wa Damu. Watu wa huko, Waafrika na Wajerumani pamoja, walipigania jina litoke kwa miaka na miaka, na Agosti 2024 likatoka. Sehemu moja sasa inaitwa Anna Mungunda, mwanamke wa Namibia. Sehemu nyingine ni Maji-Maji-Allee.

Mkubwa ndo kwanza amesoma Maji Maji, 1905 mpaka 1907, anajua miaka na anajua Kinjeketile. Alisimama chini ya kile kibao akataka apigwe picha peke yake, bila sisi. Picha hiyo nimeisafisha ipo sebuleni.

Usiku ugali na dagaa wa Mwaloni, unga wa duka la Kiafrika la pale karibu, na michembe na chai. Wifi alikula michembe kimya kimya, halafu akasema Mwangaluka, ile salamu ya Kisukuma, kwa sauti ya mama yake marehemu, tukalia wote.

Siku ya 10, Jumamosi

Theluji. Waliiona saa kumi na moja alfajiri kwa sababu bado waliamka mapema, nikasikia mlio mmoja tu kutoka dirishani. Rehberge kuna mteremko, wenyeji walikuja na vigari vya mbao vya kuteleza, jirani wa ghorofa ya chini, yule wa maandazi, akatuazima chake. Wakati wa theluji beba jozi mbili za glovu kwa kila mtoto, ya kwanza inalowa ndani ya nusu saa, na mfuko wa plastiki unavalishwa juu ya soksi ndani ya buti kama buti inapitisha maji. Tulikaa nje masaa mawili na hakuna aliyelia.

Siku ya 11, Jumapili

Kurudi. ABC, imegongwa, mkubwa kaikagua mara mbili. Jumatatu alasiri tukatua Mwanza, joto likatupokea mlangoni, na tulipopita barabara ya ziwani wa kati akaonyesha lile jiwe majini akasema hilo hapo, mama umeshamuuliza babu?

Makoti nimeyafua yapo kwenye begi, saizi ya miaka 4, 8 na 11, buti jozi tatu, glovu zenye uzi, na kaunta buku ipo. Familia yoyote ya hapa inayosafiri baridi ijayo ije ichukue, ikirudi itarudisha kwa ajili ya wengine.